Nzuwera, mama wa bahari aliyebana pumzi

Nzuwera hana mkia wa samaki. Hana kitana wala kioo, hana nywele za kuelea juu ya mawimbi, na hawaimbii mabaharia ili wapotee njia. Kazi yake ni kubana pumzi. Amekaa kwenye kina cha bahari ya Sorombe, chini kule ambako mwanga haufiki na samaki hawaishi, na kifuani mwake mna hewa ya kutosha kuua kila chenye uhai kwenye fukwe zote. Hajaitoa. Watu wa Sorombe wako hai kwa sababu hiyo, nao wanalijua hilo tangu utotoni.

Sorombe ni dunia ya kubuni ninayoiandika jioni baada ya kazi, umeme ukiwepo. Ina falme na visiwa, ina lugha mbili zinazogombea soko moja, ina ramani niliyoichora na kuifuta mara nyingi. Kilichonisumbua kuliko vyote ni bahari yake. Katika fantasia, mungu wa bahari ni rahisi kumleta na vigumu kumpa kazi. Ukimpa dhoruba na hasira, umepata tu mfalme mwingine mkali, na wafalme wakali nchi kavu tayari wako wengi. Mimi nilitaka mungu ambaye ukimtoa kwenye hadithi, bahari yenyewe inakufa.

Naandika kutoka Goma. Pwani ya Kongo ni kipande kifupi cha Atlantiki kule Muanda, na kufika huko ni kuvuka nchi nzima kutoka mashariki hadi magharibi. Bahari ya Hindi iko karibu zaidi, lakini tunaijua kwa malori ya makontena yanayotoka Mombasa na Dar es Salaam, na kwa Kiswahili chenyewe, kilichopanda huku bara na methali zake za tanga na mkondo. Nilicho nacho mimi ni Ziwa Kivu, na kwa kazi ya kumtengeneza mungu wa maji sidhani kama kuna mwandishi wa pwani anayenizidi mtaji.

Kwanza niwataje waliotangulia, maana huwezi kubuni mungu wa maji ukajifanya wa kwanza. Yemoja wa Wayoruba wa Nigeria alikuwa mama wa mto Ogun. Wanawe walipopakiwa kwenye meli za watumwa, alivuka nao Atlantiki, na leo kule Salvador, Brazili, kila Februari 2 watu waliovaa nguo nyeupe humpelekea maua baharini. Mazu wa Fujian, nchini China, husimuliwa kuwa alikuwa msichana wa kisiwa cha Meizhou katika karne ya 10 aliyeokoa mabaharia wa nyumbani kwao, na wavuvi wakaendelea kumwita hata baada ya kufa kwake.

Aliyenishika zaidi ni Sedna wa Wainuiti, watu wa nchi za barafu za kaskazini. Baba yake mwenyewe alimtupa baharini kutoka kwenye mtumbwi. Alipong'ang'ania ubavu wa mtumbwi, baba akamkata vidole, na vidole vile vikawa sili na nyangumi. Sasa anakaa chini kabisa ya bahari na wanyama wote ni wake. Watu wakivunja miiko, uchafu wa makosa yao unajazana kwenye nywele zake, naye anawazuia wanyama wasipande, na kijiji kinalala njaa. Hapo mganga hulazimika kushuka hadi kwake kwenda kumchana nywele, kwa kuwa yeye hana vidole vya kujichana. Nimeisoma hadithi hii tena na tena na kila mara hunisimamisha hapo. Mungu mwenye nguvu za kuua kijiji kwa njaa hawezi kujifanyia jambo dogo la kila siku. Anawahitaji watu, na hitaji lenyewe linatokana na jeraha alilotiwa na mtu.

Kwetu Kongo kuna Mambamuntu, mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Wachoraji wa Lubumbashi walimchora sana katika miaka ya 1960 na 1970, na picha zake zilitundikwa sebuleni kwa watu wa mshahara. Moja niliiona kwa jamaa yangu aliyetoka huko. Ilichorwa kwenye kitambaa cha gunia la unga, na ukisogea karibu unaona nyuzi za gunia zikipita chini ya rangi ya ngozi yake. Ngozi ni nyeupe, nywele ndefu na nyeusi. Kwenye mkono kuna saa, na mchoraji alijitahidi mpaka akaweka mishale yake. Nyoka amemzunguka kiunoni. Magamba ya mkia yalichorwa moja moja, kila gamba mikwaruzo miwili ya brashi, ya kijani na ya njano, kuanzia kiunoni hadi mchoraji alipochoka, karibu na ncha. Watafiti wa sanaa wanaifuatilia sura ya Mami Wata, ndugu yake wa Afrika Magharibi, hadi picha iliyochapishwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, ya mwanamke mchezesha nyoka. Ilichapishwa upya Bombay mwaka 1955 na kusambaa barani kwetu.

Naiheshimu sana picha hiyo. Lakini mkataba wa Mambamuntu siutaki Sorombe. Yeye hufanya biashara na mwanamume mmoja, kwa siri. Mtu anaokota kitana chake au unywele wake, anatokewa ndotoni, anaahidiwa mali, na masharti ni kufunga mdomo na kulipa baadaye, mara nyingi kwa uhai wa mtu wa ukoo wake. Ni hadithi ya kweli kabisa kuhusu utajiri usioeleweka, na mji wa migodi kama Lubumbashi ulikuwa na sababu za kuisimulia. Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine: mungu ambaye deni lake liko juu ya kila mtu, hadharani, maskini na tajiri, na halilipiki kwa siri.

Basi nikarudi ziwani.

Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 480. Samaki wanaishi sehemu ya juu tu, kwa sababu oksijeni inaishia kwenye mita 60 hivi. Chini ya hapo ni nchi nyingine. Maji yana chumvi zaidi, yana gesi, na kadiri unavyoshuka yanazidi kuwa na joto. Maji ya moto kwa kawaida hupanda, lakini haya hayapandi, maana chumvi na kaboni dioksidi iliyoyeyuka ndani yake huyafanya mazito kuliko maji baridi yaliyo juu. Chemchemi za sakafuni zinaendelea kuleta chumvi na gesi kutoka kwenye matumbo ya volkano, vijidudu vinageuza sehemu ya gesi kuwa methani, gesi inayowaka, na yote hukaa huko tabaka chini ya tabaka kwa mamia ya miaka. Makadirio ni kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Kinachoishikilia gesi hiyo isitoke ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Ni kama soda kwenye chupa iliyofungwa: kabla ya kizibo kutoka huoni hata povu.

Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilifunguka. Hewa nzito ilitoka usiku, ikateremka mabondeni, na watu wapatao 1,700 walikufa pamoja na ng'ombe wao. Nyos ni ziwa dogo sana ukiliweka kando ya Kivu, na kwenye fukwe za Kivu tunaishi zaidi ya watu milioni 2.

Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, ilipopasuka jioni ya Mei 22, 2021, uji wa moto uliishia Buhene, pembeni ya mji. Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Matetemeko yalikuja mchana na usiku, barabara zikapasuka, na ikasemwa kwamba magma, mawe yaliyoyeyuka, imepita chini ya mji kuelekea ziwani. Mei 27 tukaamriwa kuondoka, mitaa mingi kwa pamoja, na watu kwa mamia ya maelfu wakatoka: wengine kwa boti hadi Bukavu, wengine kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wengine njia ya Sake. Mimi nilikuwa njia ya Sake. Moto tulikuwa tumeshauona, hata mwaka 2002 ulipopita katikati ya mji na kuingia majini. Safari hii tulilokuwa tunalikimbia ni ziwa. Lilikuwa upande wa kushoto wa barabara, shwari, bluu kabisa. Kwenye barabara kulikuwa na tshukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zilizobeba magodoro, watoto, masufuria, mbuzi, na pale chini ufukweni mama mmoja alikuwa anafua nguo. Alifua, akakamua, akaanika juu ya mawe meusi, akachukua nyingine. Sijui kama alikuwa hajasikia tangazo au alikuwa ameamua. Nilichofikiri wakati ule ni kwamba kuna kitu chini ya yule mama kinachojizuia, na kinajizuia sasa hivi, dakika hii, wakati anakamua kitenge.

Nzuwera alianzia hapo. Mengine yote nimeyajenga juu yake.

Kitu cha kwanza nilichompa ni nyayo zake. Upande wa Mugunga na Bulengo, pembeni ya Goma, kuna mazuku, mashimo na mabonde madogo ambako kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Hakuna moshi. Utaona mjusi aliyekufa, ndege, wadudu waliokauka, wakati mwingine mbuzi. Mtu mzima akisimama anaweza asihisi chochote, na mtoto aliye kando yake, ambaye pua yake iko chini, akaanguka. Ukiteremsha kiberiti kinachowaka, moto unazimika ghafla mahali fulani hewani, na ukirudia unazimika palepale.

Nilipoipeleka hali hiyo Sorombe, desturi zilijizaa zenyewe. Huko hakuna anayebeba taa mkononi wala kichwani. Taa hufungwa gotini. Ikizimika, mtu anarudi nyuma hatua kwa hatua bila kuinama, hata akidondosha fedha. Watoto hubebwa mabegani hadi wapite kimo cha taa, na siku mtoto anapofungiwa taa yake mwenyewe ndiyo siku ya sherehe, kubwa kuliko siku ya kuzaliwa. Nyumba hazijengwi mabondeni. Maskini wa Sorombe hukaa vilimani, na wapumbavu wenye mali ndio hununua ardhi tambarare iliyo chini. Kuinama mbele ya mfalme ni tusi, kwa sababu ni kumtakia mtu akione kifo chako kwa macho yake, kwa hiyo watu humheshimu mfalme kwa kusimama wima na kunyoosha shingo. Sikuhitaji kukaa chini na kuandika orodha ya mila. Ukishajua maji na hewa vinafanyaje kazi, mila zinafuata.

Kisha nikamsomea muyomba wangu, yaani mjomba. Yeye ni mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo ndio mboga ya mji huu. Hutoka jioni na wenzake kwenye mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wanapiga kasia kwa wimbo, na usiku taa zao huwavuta sambaza kupanda juu. Nilimsomea sehemu ambayo watu wa Sorombe wanampelekea Nzuwera zawadi: asali, dhahabu, nguo za kufumwa. Alisikiliza mpaka mwisho huku anashona wavu, kisha akauliza:

"Uyu mungu yako, batu banamufanyiaka nini?"

Nikamwambia: si ndizo hizo zawadi, muyomba.

"Mutu mwenye anabana pumzi, haumupatie zawadi," akasema. "Unamusaidia."

Niliifuta sura nzima usiku uleule. Alikuwa ameona kile ambacho Wainuiti walikiona kwa Sedna. Ibada yenye maana ni kumfanyia mungu jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi. Sedna hawezi kujichana. Nzuwera hawezi kupumua polepole. Ama anabana, ama anatoa yote. Basi lazima wawepo watu wa kumpumulia.

Kazi hiyo ipo katika dunia yetu. Kule Nyos, tangu mwaka 2001, bomba lililoshushwa hadi chini linatoa maji yenye gesi kidogo kidogo, na maji hayo huruka juu ya ziwa kwa nguvu ya gesi yenyewe. Ng'ambo ya Kivu, Karongi nchini Rwanda, mtambo ulio juu ya maji unavuta maji kutoka kina cha mita 350 hivi, unatenganisha methani na kuzalisha megawati 26 za umeme. Kwangu sehemu nzuri kuliko zote ni ile isiyopigwa picha: maji yaliyokwisha kutolewa gesi lazima yarudishwe chini, na yarudishwe kwenye kina kinachofaa. Ukiyamwaga mahali pasipo pake, unaweza kuharibu mpangilio wa tabaka, na mpangilio huo ndio unaotulinda.

Makuhani wa Nzuwera, basi, ni mafundi. Wanaitwa wapumuzi. Wana mabomba ya mianzi ya majini inayoota hadi vina virefu, mmea ambao nimeuruhusu kwa sababu hii ni fantasia na mwandishi ana haki ya muujiza mmoja au miwili. Wanavuta pumzi ya Nzuwera kwa zamu, usiku na mchana, na ile inayowaka ndiyo inayopika chakula cha mji na kuwasha minara. Amri yao ya kwanza ni kwamba kila maji yarudi kwa wenzake wa uzito. Mtoto wa mpumuzi hufundishwa kuonja maji na kutaja kina yalikotoka. Sala zao ni hesabu: kina, chumvi, joto, uzito, jina la aliyepima, na zinasomwa kwa sauti sokoni kila asubuhi ili mvuvi, muuza chumvi na malkia wazisikie kwa pamoja. Siku hesabu isiposomwa, biashara inafungwa.

Ilibaki kuitengeneza bahari yenyewe, maana Kivu ni ziwa na Sorombe inahitaji merikebu. Hapo Bahari Nyeusi ilinisaidia. Mito huijaza maji yasiyo na chumvi kwa juu, maji mazito ya chumvi huingia kwa chini kupitia mlango wa Bosporus, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki vizuri. Kuanzia mita 150 au 200 kwenda chini oksijeni hakuna, wala wale viumbe wanaotafuna mbao. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba meli ya Wagiriki ya miaka 2,400 hivi imepatikana huko, kwenye kina cha zaidi ya kilomita 2, mlingoti wake ungali umesimama. Kwa hiyo bahari ya Sorombe ina mlango mmoja mwembamba na mito mingi, na kilichozama humo hakiozi. Nzuwera hali anachopokea. Anakitunza. Familia zinajua kwamba babu aliyezama mwaka wa njaa bado yuko na sura yake, na ndoa hufungwa kwa kutaja majina ya walioko chini.

Sura hiyo niliiandika kwa uzito mwingine baada ya Oktoba 3, 2024. Siku hiyo boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, ufukwe ukiwa umejaa watu waliokuwa wakiingoja. Niliwasikia watu wazima wakisema ziwa limechukua wake, kwamba maji yalikuwa yanadai. Naelewa kwa nini mtu aliyefiwa anasema hivyo, na sitambishia. Lakini niliporudi kwenye karatasi zangu niliweka sheria ambayo hakuna mhusika anayeruhusiwa kuivunja: Sorombe, chombo kikizama, hakuna anayemuuliza Nzuwera. Wapumuzi wanakwenda kwa aliyekipakia. Wanamtaka ataje, mbele ya watu, alipakia watu wangapi na alijua chombo kinabeba wangapi. Kumsingizia Nzuwera kifo kilichotokana na mzigo ni kosa linalomnyima mtu taa ya goti kwa mwaka mzima. Mungu wa kubuni asiyewekewa mpaka wa namna hiyo atageuka haraka kuwa kichaka cha kuwafichia wenye boti.

Wanaonisomea rasimu, karibu wote vijana wa hapa hapa, wananidai mlipuko. Wanasema mungu aliyebana pumzi kitabu kizima lazima aitoe, la sivyo msomaji atajiona ametapeliwa. Najua kanuni hiyo ya hadithi. Nimeikataa. Sitaua fukwe zote za Sorombe kwa kurasa tatu ili sura ya mwisho iwe na kishindo, wakati mimi na wasomaji wangu wa kwanza tunalala kando ya maji ya aina ileile. Hofu tunayo tayari, haihitaji kuongezewa. Ambacho hatujaandikiwa ni hadithi ya wanaofanya kazi ili jambo lisitokee, na kazi hiyo ina hatari, ina wivu, ina wasaliti wa kutosha: kuna mtawala anayetaka pumzi ivutwe haraka ili minara yake iwake zaidi ya ya jirani, kuna mpumuzi mzee anayesoma hesabu za uongo sokoni kwa sababu ameona haya kwamba ulimi wake hauonji tena.

Na kuna binti yake, mwenye miaka 14, ambaye anaonja vizuri na ameshajua kwamba baba anadanganya. Sura ninayoiandika sasa ni asubuhi anayopanda mwenyewe kwenye jiwe la sokoni kusoma hesabu za kweli.